Ubavu wa Kulia wa Mama

Mwezi uliopita nilikuwa dukani Ruangwa nikinunua sabuni. Mwenye duka akafungua kikopo cha dawa ya kuchua ili mteja mmoja ainuse. Harufu ya mkaratusi ikanifikia kabla sijajiandaa, nikaiweka sabuni chini. Nilikuwa tena nyumbani kwetu Nkowe, nina miaka kumi na moja, kiganja kimejaa dawa, na Mama anarudi nyuma juu ya mkeka kama mtu aliyeonyeshwa kisu.

"Usiniguse, Zuhura. Nakuomba mwanangu, usiniguse."

Niwaambie ukweli: kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile ndiyo Mama aliacha kunipenda.

Ugonjwa ulianza wakati mabibo yanadondoka na shamba zima linanuka utamu uliochacha. Mama alitoka malengelenge ubavu wa kulia, yakajipanga kuanzia mgongoni, yakapita chini ya titi hadi mbele. Kila mtu alilijua jina lake: mkanda wa jeshi. Na kila mtu alikuwa na la kunong'ona, maana ukitajwa mkanda wa jeshi watu walishakuwekea ule ugonjwa mkubwa, UKIMWI. Mama akapimwa, akakutwa hana. Malengelenge yakakauka, magamba yakabanduka, ikabaki michirizi myeusi. Tukashukuru Mungu. Shangazi Somoe, dada yake Baba, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, alileta hata kuku wa kumpongeza mgonjwa.

Maumivu, hata hivyo, hayakuwa na habari kwamba ugonjwa umeisha.

Mama alisema pale mahali panawaka. Mara panachomwa sindano, mara ni kama pamepakwa pilipili. La ajabu ni kwamba ukipabonyeza kwa nguvu alivumilia, lakini khanga ikipapasa tu, machozi yanamtoka. Upepo nao ulimuumiza. Akawa anatembea ameivuta nguo kwa vidole viwili, ameiweka mbali na ubavu, kama mtu anayevuka tope na hataki kuchafuka. Watoto wenzangu walimwigiza njiani kuelekea shule. Mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilicheka nao.

Msimu ule hakuokota korosho. Alijaribu asubuhi moja, akainama mara tatu, akakaa chini ya mkorosho akiwa ameuma khanga. Baba alimwangalia, akaendelea kuokota peke yake. Shangazi Somoe ndiye aliyesema.

"Wifi, kidonda si kimepona? Mbona mimi nakiona kimepona?"

"Kimepona, wifi."

"Sasa unaumwa nini?"

Unamjibu nini mtu anayekutazama ngozi?

Tulimchua kwa dawa ya kikopo, ikawa kama kumwagia moto mafuta. Akanywa mizizi. Akameza vidonge vya maumivu vya dukani hadi tumbo likaanza kumsumbua. Mwishowe Baba akampeleka hospitali Nachingwea, nami nikafuatana nao kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na Mama alihitaji mtu wa kumshikia mfuko. Barabarani nilimshikia na nguo pia, isipeperuke.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Hakumgusa kwanza. Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha taratibu kwenye ubavu wa kushoto, kisha wa kulia. Mama akaruka kitini. Daktari akatikisa kichwa, akavuta kiti karibu.

"Mama, ulishawahi kuugua tetekuwanga utotoni?"

"Ndiyo."

"Kirusi chake hakikuondoka. Kilijificha kwenye mshipa wa fahamu miaka yote hii, ndicho kilichokuletea mkanda wa jeshi. Ngozi imepona, lakini mshipa umeumia. Kazi yake ni kupeleka habari kwenye ubongo. Sasa unapeleka habari za uongo: nguo ikikugusa, wenyewe unasema ni moto. Maumivu yako ni ya kweli kabisa. Habari ndiyo ya uongo."

Baba akauliza, "Kwa hiyo haigizi?"

"Haigizi."

Sijasahau alivyoinamisha kichwa.

Daktari akaandika vidonge, kimoja kila jioni. Akaeleza kwamba vitamkausha mdomo na kumletea usingizi, asitegemee nafuu kabla ya wiki kadhaa, na asiache ghafla. Huenda maumivu yasiishe yote. Alichotaka ni Mama alale na aweze kuvaa nguo. Avae pamba laini. Agawe kazi, apumzike kabla hajazidiwa. Halafu akasema maneno ambayo laiti ningeyabeba yote: "Dawa hii wengine huwa tunawapa kwa matatizo ya akili, msishtuke mkisikia. Lakini kwako kipimo ni kidogo, na ni kwa ajili ya kutuliza mshipa."

Tuliporudi, Shangazi Somoe alinikuta nachota maji. Nilijiona mkubwa. Ni mimi niliyeingia kwa daktari, si yeye.

"Mama yako kapewa nini?"

"Dawa za matatizo ya akili," nikasema, nikajitwisha ndoo.

Ile "lakini" sikuisema. Haikuwa hila, ndoo ilikuwa nzito tu, na nusu ile ndiyo iliyokuwa tamu kuisema.

Haukupita mwezi. Kisimani wanawake walinyamaza Mama alipofika. Shangazi akamwita Baba pembeni, lakini sauti yake haikujua pembeni: "Kaka, mkeo anakula dawa za vichaa!" Mama alikuwa anapepeta ufuta. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na pakiti ya vidonge, akaenda chooni. Akarudi mikono mitupu, akaendelea kupepeta.

Alikuwa ameanza kupata nafuu kidogo. Siku zilizofuata alirudi kuishika nguo kwa vidole viwili. Akaacha kuzungumza. Alikuwa akikaa ukutani, kushoto kumeegemea, kulia kuko hewani, macho yameingia ndani. Nilimpikia uji, akauacha ukapoa. Nilivumilia kama siku kumi, kisha nikamfuata Baba shambani na kumweleza yote, huku nalia hadi kamasi zikaniingia mdomoni. Nilingoja fimbo. Baba alikaa juu ya gunia, akasema, "Hata mimi nilisikia yale maneno ya daktari yote. Na nilinyamaza."

Kesho yake akamwambia Shangazi, "Dada, jiandae. Tunakwenda wote Nachingwea."

Daktari hakumgombeza mtu. Alirudia maelezo yake neno kwa neno, sasa akimtazama Shangazi. Shangazi Somoe alisikiliza mikono imo mapajani. Nilidhani ataomba radhi. Badala yake, tulipokuwa tunanyanyuka, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Na miguu je? Nyayo kuwaka, kama umekanyaga majivu ya moto? Miaka minne sasa."

Tukamgeukia wote.

"Miaka minne, wifi?" Mama akasema. "Hukusema?"

"Ningesema nini? Miguu haina kidonda."

Walimpima sukari siku ileile, wakamkuta nayo. Alirudi na dawa zake, Mama na zake, wamekaa kiti kimoja cha basi, hawasemeshani, lakini mkono wa Shangazi ulikuwa umeishika nguo ya Mama isipeperuke.

Mama hakupona kabisa. Alipata usingizi, akarudi shambani, asubuhi tu, na kulikuwa na siku ambazo hata hiyo asubuhi ilimshinda. Nilikua nikiona hivyo, na bado sikuelewa. Nilielewa nikiwa mtu mzima, siku nilipomuuliza katika yote yale ni kipi kilichomuumiza zaidi, nikitegemea atanitaja mimi na mdomo wangu.

Akafikiri. "Kueleza," akasema. "Kidonda kikiwepo, watu wanakuamini. Kikifunga unabaki na kazi mbili: ya kuumwa, na ya kuwaeleza kwamba unaumwa. Ile ya pili ndiyo iliyonichosha."

Sasa akinipigia simu na kusema leo siyo nzuri, simuulizi mbona jana alikuwa mzima. Namwambia haya Mama, lala, nitakupigia jioni.