Glavu ya Pili

Leo gari langu limenipungia mkono. Chekeni, nimewaruhusu.

Hili gari langu kuukuu la turbo limekuwa likivuja oili, na sili, mipira ya kuzuia oili, nimeshazibadilisha mara mbili bure.

Papa Heri, jirani yetu hapa ughaibuni, Laurel, alikuwa fundi kule Bukavu. Akasema, "Hii injini haiko inapumua. Pa kutokea hewa pameziba, ndiyo maana inasukuma oili."

Mke wangu hutunza wazee katika mji wa jirani, Bowie, kwa hiyo glavu hazikosi nyumbani. Akatupatia mbili.

Papa Heri akavika moja kwenye mdomo wa kutilia oili, nikawasha gari. Glavu ikavimba, vidole vitano juu, ikatupungia: kweli hewa ilikuwa imekwama ndani.

Basi tukafungua injini. Masaa manne ya jasho, tukafunga kiboksi kipya cha kupitishia hewa na mipira yake yote.

Nikawasha. Glavu ikavimba tena!

Nilikasirika, siwafichi. Nikamwambia mzee wa watu kwamba alikuwa anakisia tu. Akaenda kukaa ukingoni mwa barabara.

Mke wangu akatoka na sare zake, anangoja gari hilo hilo.

"Glavu zangu mbili ziko wapi?"

Kazini kwao kila kitu huhesabiwa.

Moja ile pale. Ya pili... asubuhi niliisokomeza kwenye tundu la injini ili nati isidumbukie. Kisha nikafunga kiboksi juu yake.

Mke wangu akapiga simu kazini kwamba atachelewa. Tukafungua upya, tukaitoa, tukafunga. Safari hii nilipowasha, ile glavu ya mdomoni ikanyonywa ndani, kimya.

Nikamwomba Papa Heri radhi. Akaziokota glavu zote mbili, akamkabidhi mke wangu.

"Hesabu, mama."