Kiangazi cha Grisha

Zamani zile nyumba ya Fenea ilikuwa ya mwisho kijijini, pale mfereji unapojipenyeza ndani ya matete kuelekea mto mkuu wa Danube. Watoto wake wote watatu walikuwa wamekwenda mijini kutafuta kazi. Yeye na mumewe Artiom walikula supu yao ya samaki bila kusemezana, si kwa ugomvi, ila maneno yalikuwa yamewaishia.

Asubuhi moja ya Mei Artiom aliingia jikoni na kofia yake mkononi. Ndani ya kofia kulikuwa na kitoto cha fisi maji, macho bado hayajafunguka vizuri.

"Usiniulize," alisema.

"Wewe? Wewe unayewalaani kila siku kwa kuchana nyavu?"

"Mama yake ameingia kwenye dema langu akafa maji humo humo. Ningefanyaje, Fenea? Kalikuwa kanalia ukingoni."

Fenea alikachukua, akakaingiza kifuani penye joto. Alikanywesha maziwa ya mbuzi kwa tone, baadaye samaki aliyepondwa. Kalilala ndani ya kiatu cha Artiom cha majira ya baridi, na usiku kalipiga mluzi hadi mmoja wao aamke. Wakakaita Grisha.

Grisha alinenepa, akawa mtundu, akaiba vijiko. Tatizo lilikuwa moja tu: aliogopa maji. Kila akipelekwa mferejini alimpanda Fenea hadi kichwani, akang'ang'ania kitambaa alichojifunga.

"Mama yake ndiye angemfundisha," alisema Artiom.

"Basi mfundishe wewe."

"Mimi hanifuati. Mama yake ni wewe."

Sasa, Fenea alizaliwa juu ya maji yale na hakujua kuogelea. Wanawake wa rika lake walipanda mashua, walifua, walichota, lakini kujitosa walikuwa hawajitosi. Siku hiyo alivua viatu, akashuka mferejini na gauni lake mwilini, Grisha kichwani, mkono mmoja umeshika ubavu wa mashua, hadi maji yakamfika kifuani.

Jirani yake Paraschiva alikuwa akifua ng'ambo.

"Shoga! Unambatiza au unamzamisha?"

"Nenda kafue soksi za mumeo huko!"

"Mzamishe mara tatu, nitakuwa mama wa ubatizo!"

Fenea alicheka hadi akaiachia mashua. Alizama, akaibuka akitema maji, na Grisha, kwa hofu ya kumkosa, alikuwa akimzunguka huku akipiga mluzi, anaogelea. Hata yeye mwenyewe Grisha alionekana kushangaa.

Tangu hapo walikwenda kila siku. Kufikia Julai Fenea naye aliweza kuvuka mfereji peke yake, na Paraschiva akaacha kucheka, akaomba afundishwe.

Grisha alipojua kuvua, alianzia kwenye wavu wa Artiom. Aliutoboa vibaya. Wavuvi wenzake Artiom walingoja kuona atafanya nini.

"Watoto wangu walivunja madirisha mangapi?" alisema Artiom, akachukua sindano ya nyavu, akashona.

Kisha akakunja nyaya, akaziweka kwenye midomo ya madema yake yote, samaki apite na fisi maji asipite. Wengine walimwita mzee mjinga. Wawili watatu walikuja baadaye, kimya kimya, kuomba awaonyeshe.

Vuli ilipofika Grisha alianza kulala nje. Mara ya mwisho Fenea alimwona kabla mfereji haujaganda: kichwa kati ya matete, na nyuma yake kichwa cha pili, cha mgeni. Alimwita. Grisha alimtazama, akapiga mluzi mfupi, akazama. Fenea alilia njia nzima hadi nyumbani, na Artiom, badala ya kumkejeli, alimwashia samovari, amchemshie chai.

Baada ya hapo watu walimletea Fenea kila kiumbe kilichovunjika: korongo, kalunguyeye, fisi maji wengine wawili. Wote aliwatunza, na wengi waliondoka wazima.

Leo Artiom hayupo tena duniani, na binti yao anambembeleza mama yake ahamie mjini. Fenea humjibu kwamba bado anafikiria. Akikaa ngazini jioni, si wanyama anaowakumbuka kwanza. Hukumbuka sauti ya mumewe kiangazi kile, akipaa samaki mlangoni na kumsimulia Grisha mambo ya siku nzima, nani kamwambia nini, kambare gani kamponyoka. Na yeye, ndani jikoni, ameacha kuosha vyombo ili asikie.