Mlevi Asiyeonja Wanzuki

Mjomba wangu alijua kupanda miti kiasi kwamba nyani wa pori la Igalula, naapa, walikuja kuangalia jinsi anavyoshika tawi. Mizinga yake ya nyuki ilining'inia juu kuliko ya wote. Lakini kambi ya asali ilikuwa na mwiko: hakuna kuonja wanzuki, ile pombe ya asali, mpaka mavuno yaishe. Nyuki, walisema, humshambulia mlevi pamoja na wenzake.

Msimu mmoja, zama hizo za Mwingereza, mjomba alitoka kwenye homa kali huku sikio moja likivuma. Akasema nyuki wamehamia humo, wenzake wakacheka. Kisha akaanza kuyumba. Alisimama chini ya mti, akakumbatia shina kama mtu anayeogopa dunia itamdondosha. Mkubwa wa kambi akamnusa mdomo, hakupata harufu, akaamua kwamba amekunywa kwa ujanja. Mjomba aliapa wee. Wakamrudisha nyumbani na kugawana mizinga yake. Kijijini watani wakamuuliza inauzwa wapi pombe isiyonuka. Na mtani hakasirikiwi, huchekewa. Akawa anacheka, huku akisokota kamba za wengine kupandia miti.

Mimi nilikuwa Tabora mjini, mchana kibarua wa stesheni, jioni shule ya usiku. Miaka ikapita, na siku moja mwalimu alichora ubaoni sikio kubwa kuliko la tembo. Vifupa vitatu, alisema, hupokezana sauti kama wapagazi wanavyopokezana mzigo. Ndani zaidi kuna mirija iliyopinda, yenye maji; ukiinama, maji yanasogea, na ubongo unajua chini ni wapi. Homa ikiharibu huko, mtu huyumba kama mlevi.

Jumamosi nilipiga baiskeli mpaka tairi zikafuka moshi. Nikamwita mkubwa wa kambi kwa mjomba, nikawaeleza yote.

"Ndugu yangu," mzee yule akasema, "mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia."

Akamwomba arudi kambini, mizinga yake atapewa yote. Mjomba akainuka kumshika mkono, akayumba, akapapasa ukuta, akaketi.

"Mizinga wape wanaoweza kupanda. Wewe waambie tu wale wenzetu wa msimu ule kwamba sikulewa."

Mzee akaahidi. Ila wa kuambiwa walikuwa wametawanyika: wengine mashamba ya mkonge Tanga, wengine kaburini. Na mjomba alitaka wajue wao hao.