Tepu Nyeusi Juu ya Kibirika

Walimwita Sikio, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa saa ya bei mbaya: hakumwonyesha mtu, lakini mkono wa shati alikuwa ameshaukunja. Gereji yake ilikuwa kiwanja cha vumbi nyuma ya ghala la saruji, na ndani yake shimo moja la kukagulia magari, paa la mabati lililofunika nusu ya shimo hilo, na mafundi watatu waliochangia lango na porojo tu. Fundi bodi alinyoosha milango iliyobonyea kwa nyundo, asubuhi mpaka jioni. Mtu wa matairi alikuwa na kompresa yake iliyokohoa kama mzee mwenye pumu. Wa tatu ni Sikio mwenyewe, mtu wa injini.

Kiwanja kile kilikuwa na desturi moja. Sikio akichukua bisibisi yake ndefu, akaegemeza ncha kwenye injini inayonguruma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, watu walinyamaza. Fundi bodi aliweka nyundo chini. Kompresa ilizimwa. Hata wateja waliokuwa wakibishana habari za mpira walikatiza mabishano goli likiwa bado hewani. Sikio alifumba macho, akahamisha ile ncha polepole, kama daktari anayepima kifua, kisha akakata kauli: "Beringi ya dinamo." Au, "Vali ya tatu inalia." Injini ikafunguliwa, na mhalifu akakutwa palepale alipotajwa.

Halafu kulikuwa na tepu. Magari ya mji ule yalikuwa yamechoka, na taa zao za dashibodi ziliwaka kwa sababu na bila sababu. Iliyoogopwa zaidi ilikuwa ile nyekundu ya oili, yenye mchoro wa chombo kidogo kinachodondosha tone mdomoni. Madereva waliiita kibirika. Kibirika kikiwaka, mtu alikuja mbio kwa Sikio. Naye alisikiliza, akaridhika, akatoa mfukoni tepu nyeusi ya kufungia nyaya, akakata kipande kwa meno na kukibandika juu ya taa.

"Nimekifumba macho," alisema. "Waya umezeeka tu. Injini iko sawa."

Mwenye gari aliondoka roho kwatu. Tepu ya Sikio ikawa kama muhuri wa serikali. Wapo waliouza magari yao wakikitaja kipande kile pamoja na redio na matairi mapya.

Kilichoanza kuondoka ni sikio la kushoto, lile lililokaa upande wa kompresa kwa miaka ishirini na mbili. Liliondoka kama mgeni mwenye adabu, bila kuaga kwa sauti. Akahamishia bisibisi upande wa kulia, na waliomwona walidhani ni maarifa mapya. Kisha la kulia nalo likaanza kuachia vitu vidogo vidogo: ndege, kengele ya baiskeli, kijiko kinachogonga kikombe.

"Baba, redio hiyo inasikika mpaka kwa jirani," mkewe alimwambia.

"Nyinyi ndio mnanong'ona siku hizi. Nyumba nzima mnaongea kama mna maiti chumbani."

Mara moja tu mkewe alimshauri aende hospitali kupimwa. Sikio alinuna siku mbili. Mtu mwenye jina kama lake akapange foleni kwa daktari wa masikio, tena aonwe na madereva? Tangu hapo mke akajizoeza kumgusa bega kabla ya kuongea naye, na jambo lenyewe hakulitaja tena.

Gerejini alijifunza kucheka wengine wakicheka. Na kulikuwa na kitu kilichomfurahisha mno: injini zilikuwa zimetulia. Kila iliyopita mikononi mwake ilitoka laini, bila ule mlio mwembamba wa tiki-tiki unaotoka juu ya injini pale oili inapokuwa haifiki. Alijiambia kwamba mkono umekomaa. Alitembea akiwa na furaha hiyo karibu mwaka mzima.

Mdogo wake wa kike alikuwa na gari la mikate. Lilikuwa gari dogo jeupe lenye rafu za mbao nyuma, aliloachiwa na marehemu mumewe. Alipakia kiwandani kabla jua halijatoka na kusambaza kwenye maduka thelathini na mawili. Kiwanda kilikuwa na sharti moja: mkate ufike kabla duka halijafunguliwa. Ukishindwa, njia yako anapewa mwingine, na hao wengine walikuwa hawakosekani, magari yao yameegeshwa nje ya lango kama kunguru juu ya ukuta wa bucha. Kwa njia ile mjane alikuwa akisomesha mabinti wawili. Hakuwa na nyingine.

Marehemu alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Kwenye droo ya dashibodi aliacha kitabu cha gari, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na pembeni mwa mlango aliacha kikaratasi chenye kilomita za kubadilisha oili. Mjane aliendeleza utaratibu huo. Kilomita zikitimia, analeta gari kwa kaka. Na kila mara kaka alichomoa kijiti cha kupimia, akasugua oili kwa vidole viwili, akainusa.

"Hii bado ina maisha. Usimwage kitu kizuri."

Akamwongezea kidogo juu ya ile ya zamani na kumsukuma aende zake. Alikuwa akimhurumia, mjane mwenye watoto. Mwaka ukaisha na oili ya zamani bado imo ndani ikiongezewa tu, kama uji unaozimuliwa kwa maji.

Jumatatu moja, baada ya kumaliza maduka yake, mdogo wake aliingia kiwanjani akaacha injini ikinguruma.

"Kaka, kibirika hicho. Nikisimama injini ikiwa na moto kinawaka, nikikanyaga mafuta kinazimika."

"Umeangalia kijiti?"

"Oili imejaa. Ila kitabu kinasema ikiwaka nyekundu zima hapohapo, usisogee hata hatua."

"Kitabu kimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuliona gari hili."

Fundi bodi akadakia kutoka kwenye mlango wake uliobonyea. "Shemeji angekuwa hai leo angetusomea ukurasa mzima!"

"Na yaliyoandikwa chini kwa herufi ndogo," mjane alisema, akacheka naye. Kisha cheko likamwisha. "Lakini inalia pia, kaka. Hapa juu. Tiki, tiki, tiki. Si unasikia?"

Nyundo ikawekwa chini. Kompresa ikazimwa. Sikio akaegemeza bisibisi, akafumba macho.

Alisikia mvumo mmoja mnene, kama maji mengi yanayopita mbali. Tiki-tiki hakuisikia. Akaitafuta huku na huku, ncha ikipanda na kushuka, na alipofumbua macho akamwona mtu wa matairi ameinamisha kichwa kuelekea injini, kama mtu anayeitwa kwa jina. Yule alikuwa anasikia kitu.

Chini ya paa, kwenye msumari, ilining'inia geji ya kupimia msukumo wa oili. Unafungua sensa ya oili, ile inayowasha kibirika, unafunga geji mahali pake, unawasha, unasoma. Kazi ya robo saa. Sikio aliitazama. Ilikuwa na vumbi la miaka. Kuishusha mbele ya watu wote wale waliokaa kimya kwa heshima yake kungekuwa kusema kwamba sikio limeomba msaidizi.

Akatoa tepu.

"Nimekifumba macho."

"Una hakika, kaka?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa kama nina hakika?"

Mdogo wake aliinamisha uso. "Basi, yaishe. Nakuamini."

Alhamisi, wakati wa chai ya asubuhi, simu iliwaka mezani. Sikio aliibandika sikioni, akapata mkwaruzo tu, akampa mkewe kwa kisingizio cha mtandao. Mke alisikiliza. Kisha akamgusa bega na kusema taratibu, midomo ikiachana vizuri:

"Gari limekufa mlimani. Kumetoka kishindo, oili imetapakaa barabarani. Maduka kumi na tisa hayajapata mkate."

Walilivuta mpaka gereji. Jua lilikuwa limeshapanda, na kiwanja kizima kikanuka mkate wa moto na oili iliyoungua. Sikio aliingia shimoni, akafungua bakuli la oili chini ya injini. Kilichoshuka kilikuwa uji mweusi wenye mabonge. Chujio dogo la kufyonzea oili, lisilozidi kiganja, lilikuwa limezibwa na tope zito kama lami. Pampu ilikuwa ikifyonza hewa. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa ukuta wa injini, tundu la kupitisha ngumi. Hakuhitajika fundi kueleza. Mikate iliyokuwa nyuma ingeweza kueleza.

Akatoka shimoni amebeba lile bakuli, na pale akasema neno ambalo baadaye lilimtafuna kuliko injini yenyewe. Alilisema kwa sauti, wote wasikie.

"Umeikimbiza mlimani na mzigo. Injini haikimbizwi hivyo."

Mdogo wake alimzunguka, akapotea nyuma yake. Sikio akainama, akawa anachokoa tope kwa kidole, anajifanya anatafuta kitu. Ikapita dakika. Kisha akaona kwamba nyundo ya fundi bodi iko chini na kompresa imezimwa. Kwa mazoea, akadhani wamemnyamazia yeye. Akainua kichwa. Walikuwa hawamtazami. Walitazama kilicho nyuma ya bega lake.

Mdogo wake akarudi mbele, akachuchumaa, nyuso zikaelekeana.

"Nimekuita mara tatu," alisema. "Kwa jina lako la nyumbani. Nilikuwa hapo nyuma, hatua mbili."

"Kelele za hapa, mdogo wangu…"

"Kelele gani, kaka?"

Kiwanja kilikuwa kimya kama walivyokuwa wakikinyamazisha kwa ajili yake miaka yote.

"Toka lini?"

"Ni huku kushoto tu, kidogo…"

"Wifi anajua?"

Sikio akafuta vidole kwenye ovaroli, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mlijua wawili. Na mimi niliyeisikia mwenyewe, tiki, tiki, nikajiambia nyamaza wewe, kaka ndiye anayejua." Akainuka, akaingia garini, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akabandua tepu kwa ukucha. Kibirika kikawaka, chekundu, kizima kabisa. Hakikuwa na kosa lolote. Akashuka na kumbandikia kaka yake ile tepu kifuani. "Shika. Bado inanata."

Kabla wiki haijaisha njia ya mikate ilipewa mtu mwenye magari mawili. Sikio alihangaika wiki tatu, akapata injini ya mtumba, akaifunga kwa mikono yake bila kumwomba mtu shukrani. Lakini maduka hayakungoja. Gari zima, jipya moyoni, likakaa uani likiatamiwa na kuku, mpaka likauzwa. Binti mkubwa akaacha chuo. Mama yake alichukua kazi aliyoipata: kushusha kreti kwenye gari la yule mtu, kwenye maduka yaleyale thelathini na mawili, ambako wenye duka walimjua kama mwenye gari na sasa hawakujua wamwamkie vipi.

Sikio alikwenda kupimwa, akapewa kifaa cha kuvaa. Gerejini nyundo iliingia humo kama inampiga fuvuni, akakivua. Geji aliifuta vumbi. Anamwaga oili, anabadilisha filta, anaandika kilomita kwenye kikaratasi, anabandika. Bisibisi anafungulia skrubu. Wale wa zamani bado wanamwita Sikio, na yeye hana uhakika tena wanamaanisha nini.

Juzi gari la mikate liliingia kiwanjani. Dereva alikuwa mwenye mali mwenyewe, na pembeni yake, kreti tupu mapajani, mdogo wake. Kibirika kilikuwa kikipepesa.

"Mzee, nasikia wewe ndiye wa tepu," dereva alisema.

"Zima injini. Nipe robo saa niipime."

"Sina robo saa. Nibandikie niondoke."

Sikio aliweka kiganja juu ya boneti. Aliipata pale, kwenye ngozi: midundo midogo, kavu, ya haraka. "Zima," alisema tena. "Itakufa hii."

Dereva alimgeukia mama wa kreti. "Huyu si kaka yako? Mwambie basi."

"Fanya anavyosema," mdogo wake alisema. Hakumtazama kaka yake.

"Kiziwi anisikilizie injini?" Dereva alicheka, na mtu wa matairi naye akacheka. Sikio aliwaona wanavyocheka, na safari hii hakucheka nao.

Dereva akateremka, akamwendea fundi bodi. Fundi bodi hakuweka nyundo chini, aliihamishia kwapani. Akapapasa mfuko, akatoa tepu nyeusi, akakata kipande kwa meno, akapenya mlangoni na kubandika. Kisha akasema jambo, akijipangusa mikono. Alikuwa mbali, na Sikio hakuipata sauti. Midomo aliisoma bila taabu. Maneno yalikuwa ya Sikio mwenyewe.

Mdogo wake alikitazama kile kipande cha tepu. Akafunga mkanda, akakumbatia kreti, na gari likatoka langoni kuelekea mlimani.