Wimbo Uliokatishwa Kwenye Ua Wangu

Vuta kigoda ukae, mwanangu, kwa kuwa umekuja kuniamkia na mimi nina neno. Siku ambayo hainitoki kichwani ni Krismasi moja ya ujana wangu hapa hapa Ilula, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kikubwa. Nilikuwa naongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, na mtu wa umri ule akipewa kuongoza sauti hujiona kanisa lisingesimama bila yeye. Usicheke. Nimewaona na ninyi wanakwaya wa sasa mnavyotembea mkivaa sare mpya.

Siku hizi mnazunguka na kinanda cha betri na spika. Sisi tulikuwa na ngoma moja, kayamba mbili na miguu. Ibada ya Krismasi ikiisha tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba tukiimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana, na kila nyumba ilitungoja na chochote ilichonacho: maandazi, muwa, na kwa wenye uwezo wali wa mchele wa Chimala. Mpaka jioni wanaume wa sauti ya nne walikuwa wameshiba hata kushusha sauti hawawezi.

Ila tulikuwa na utaratibu wetu. Nyumba yenye msiba ambao haujatimiza mwaka hatukuiimbia. Tukikaribia ua wake, mpiga ngoma aliishusha ngoma begani, sote tukanyamaza hata kama ni katikati ya ubeti, tukapita tumeinamisha vichwa. Tukishaivuka, tunaendelea pale tulipokatisha. Sijui nani aliuanzisha utaratibu huo. Sisi tuliuita heshima.

Mwaka ule nyumba hiyo ilikuwa ya Mama Yohana. Yohana alikuwa mwanawe wa pekee, alikwenda kukata magogo msituni upande wa Mgololo, na mwezi wa sita mti ukamwangukia. Baba yake alikuwa ametangulia zamani. Tuliendelea kumwita Mama Yohana kwa sababu hatukuwa na jina jingine la kumwita. Na huyu mama ndiye aliyenifundisha sauti ya pili, jikoni kwake, akinigonga goti kwa mwiko kila nilipokimbilia sauti ya kwanza. Naye nikampita. Nilipita nimeinamisha kichwa vizuri kabisa, nikajisifu moyoni kwamba hata kutazama mlango wake sikutazama.

Kesho yake nikaenda kwake. Ningependa kukwambia nilikwenda kumfariji, lakini nilikwenda kuazima ungo. Nikamsalimia kamwene, akaitikia, akanikaribisha jikoni. Kulikuwa na ndoo kubwa imefunikwa kwa sinia. Akafunua, akachota kikombe cha togwa, akanipa kwa mikono miwili kama mgeni. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka juu. Nilipoonja, togwa ilikuwa imechacha.

"Kunywa tu," akasema. "Ni yenu hiyo. Juzi ilikuwa tamu."

"Yetu, mama?"

"Ya kwaya. Jana niliwasikia tangu mko kule shuleni, nikaanza kufuta vikombe. Mlipofika hapa kwenye ua mkanyamaza. Nikasema labda wanapumzika. Kumbe mnapita."

Nikamweleza kwamba tulinyamaza kwa heshima, maana yuko kwenye msiba. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

"Wewe mtoto," akasema, "furaha yangu mimi iliisha siku ile ya mti. Humu ndani haimo hata ya kujaza kijiko. Nilikuwa nangoja ile ya Bwana Yesu, na ninyi ndio mlioibeba. Sasa mkinipita nayo, mimi nitaitoa wapi?"

Nilikunywa kile kikombe chote, nikamwambia tutakuja kesho, kwaya nzima. Akasema haya. Kesho yake mvua ilinyesha kutwa. Siku iliyofuata malori ya nyanya yakaja, tukashinda barabarani tunapanga matenga. Halafu wenzangu wakasema tungoje Mwaka Mpya, sare ziwe zimefuliwa. Na mimi, niliyekunywa kile kikombe, nikakubali.

Tulipokwenda, mlango ulikuwa umefungwa kwa waya na ile ndoo imepinduliwa juu ya kichanja. Kaka yake alikuwa amekuja kumchukua, wamekwenda Chimala. Tulisikia amefia huko kabla ya Krismasi nyingine. Mwalimu wangu wa sauti ya pili, na sikumwimbia hata ubeti mmoja. Nimeishi na jambo hili miaka yote, na watu wakinisifu kwamba nina sauti nzuri huwa naangalia chini.

Hayo ni ya zamani. Mwezi wa tisa mwaka huu nilimzika mzee wangu, wewe mwenyewe ulikuwepo, uliimba kaburini. Sitakudanganya kwamba imani imenifuta machozi. Kusali nasali, lakini nikishasema amina naona kama nilikuwa naongea na chungu. Asubuhi bado natoa vikombe viwili, kisha narudisha kimoja. Watu wa jumuiya walikuja wiki za mwanzo, baadaye kila mmoja akarudi shambani kwake, na siwalaumu, nyanya zikiiva zimeiva. Majilio yalipoanza nilikaa benchi la nyuma kanisani, nikawa natazama mgongo wa mtu aliye mbele yangu mpaka ibada ikaisha. Mwanangu aliyeko Mbeya akapiga simu kwamba hatapata ruhusa kazini aje Krismasi. Nikamwambia hamna neno. Neno lilikuwepo.

Na bado, wiki ile ile, nikaloweka ulezi wa kimea. Usiniulize kwa nini. Nyumba haina mtu, mimi mwenyewe chakula kinanipita kwa shida, na naotesha kimea cha kupikia togwa ya watu ishirini. Juzi nikaipika, ndoo nzima.

Jana niliwasikia tangu mko shuleni. Mlikuwa mnaimba wimbo ule ule tuliouimba sisi, nanyi mlikuwa kwenye ubeti wa pili, pale sauti ya kwanza inapopanda na ya pili inabaki chini kuishikilia. Nikaanza kufuta vikombe. Mlipofika kwenye ua wangu kinanda kikazimwa. Nikabaki nasikia viatu vyenu kwenye kokoto, taratibu, vikipita. Sikuchungulia dirishani. Nilijua mmeinamisha vichwa, na nilijua mmeinamisha vizuri.

Nilichukia, mwanangu. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Nilimwuliza kama na hii ndiyo zawadi yangu ya Krismasi. Halafu, nikiwa nimesimama pale na kitambaa mkononi, nikajikuta naumalizia ule ubeti mlioukatisha. Sauti ya pili peke yake haina utamu hata kidogo, anayeisikia atadhani mwimbaji amepotea njia. Nikaimba hivyo hivyo mpaka neno la mwisho, lile linalosema Bwana amekuja.

Hapo, kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili tu, kikaingia kitu kifuani ambacho hakikuwa huzuni. Kilikuwa kidogo sana. Sikukitengeneza mimi, maana mimi sina tena cha kutengenezea furaha. Kilitoka kwenye ile habari yenyewe, kwamba amezaliwa hata kwa nyumba kama hii yangu. Kisha kikaondoka, nikakaa chini nikalia mpaka moto ukazima. Lakini nilishakijua. Ndicho Mama Yohana alichokuwa akikingoja, na ndicho nilichokipitisha mlangoni kwake nikiwa nimeinamisha kichwa.

Basi neno langu ni hili. Ukiwa umebeba habari ya Krismasi, usiwachagulie watu kwamba huyu yuko tayari na huyu hayuko. Malaika hakuwauliza wale wachungaji kama mioyo yao ni mizima ndipo awaambie. Aliyefiwa msimngoje achangamke kwanza, anaweza asichangamke kabisa. Atalia mkimwimbia. Huenda atawageuzia mgongo, au ataingia ndani akawaacha mnaimbia kuku. Mwimbieni tu, na ubeti mkiuanza muumalizie. Msije kwake na furaha yenu ya kuchekacheka mkitaka naye acheke, mleteeni ile ya Bwana, aishike kwa nguvu alizonazo. Na ukimwahidi mtu kesho, jilazimishe uende leo, hata kama sare imelowa kwenye kamba. Mimi nilikuwa na kesho tatu mkononi na zote nikazichezea.

Mungu akubariki, mwanangu. Akutunzie hiyo sauti, akujalie mji wenye watu na Krismasi nyingi za kucheka. Na siku yako ya kukaa kimya ndani ikifika, kwa maana hakuna nyumba isiyoijua, akuletee watu watakaosimama kwenye ua wako wasipite.

Sasa inuka, nenda kawaite wenzako. Mje hivyo hivyo mlivyo, na kandambili zenu. Hiyo togwa imeanza kuchacha tangu asubuhi, lakini mpaka saa kumi bado itanyweka, na vikombe nimeshavifuta mara mbili. Mkianza, anzieni ule ubeti wa pili, pale pale kwenye ua mlipouacha. Sauti ya pili mniachie mimi.