Aliyenijibia "Yupo" Mlimani

Aliyeniacha mlimani ni mtu wa Tanga, fundi wa majukwaa ya ujenzi kama mimi, aliyelala kitanda cha juu yangu katika kambi ya wafanyakazi ya Al Quoz, huku Uarabuni. Jina lake sitaliandika, lakini akisoma hapa atajijua. Wenzetu husema ilitokea bahati mbaya. Bahati mbaya haina mdomo. Yeye alikuwa nao, na aliufungua.

Kwanza mjue tulivyoishi na basi la kampuni. Alfajiri dereva haoni nyuso, anaona kofia tu. Anauliza, "Wote wapo?" Kama mwenzako bado yuko chooni, unamjibia "Yupo!" halafu unamchelewesha dereva kwa maneno mpaka jamaa atokee mbio, buti mkononi. Chumba chetu kilijibiana hivyo miaka yote. Mimi nimemjibia yeye mara nyingi sana, maana alikuwa mtu wa usingizi.

Mwezi wa kumi na moja ule, joto limeanza kulegea, mvua ya mawe ilimwagika kwenye milima ya Ras al Khaimah. Simu zikajaa picha za milima myeupe, watu wakaita theluji. Wiki hiyohiyo fomeni wetu alikuwa amerudi kwao Kerala, na injinia alisema Jumamosi atachagua mmoja wetu ashike nafasi, mimi au mtu wa Tanga. Tangu siku hiyo jamaa akawa ananisalimia vizuri mno. Mtu ambaye hajawahi kuniazima hata kijiko, ghafla ananiambia, "Kaka mkubwa, Ijumaa twende tukaione theluji. Habari za kazi tuziache hukuhuku."

Mkenya mmoja wa kambini, mwenye gari, akacheka. "Mtu wa Moshi anapelekwa kuona theluji? Si mnayo kwenu juu ya paa?"

Kweli, nimekua nikiiona Kilimanjaro kila mawingu yakifunguka. Kuiona. Kuigusa ni kazi ya wazungu na wabeba mizigo yao. Nikakubali kwenda, ingawa moyo uliniuliza: wema huu kwa nini wiki hii?

Tulikwenda kwa magari mawili, la Mkenya na la Mganda mmoja anayekaa mtaa wa International City. Mtu wa Tanga aliniachia kiti cha mbele. Nikawa namchungulia kwenye kioo njia nzima. Anatabasamu.

Magari tuliyaacha kwenye kona ya barabara, tukapanda kwa kufuata korongo. Kule hakuna kutembea, ni kutambaa. Mkono unatafuta jiwe, mguu unatafuta lingine. Sisi tuliozoea kukimbia juu ya mabomba ghorofani, na buti zetu zenye chuma mbele, tulikuwa kama ndama waliozaliwa jana. Baridi ilipita ndani ya jaketi la kampuni, lile la rangi ya machungwa. Sikuwa na jingine.

Juu, barafu ilikuwa imejaa kwenye nyufa za miamba, punje zimeshikana kama sukari iliyoingia maji. Nikaichota, nikajipaka usoni. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu ya wale watu.

"Lete simu nikupige picha ya kupeleka nyumbani," mtu wa Tanga akasema. "Panda kidogo. Kidogo tena. Hapo umetoka bwana harusi!"

Mnaona? Simu yangu mkononi mwake, na mimi nimekuwa wa juu kuliko wote.

Wingu likashuka, mawe yakaanza kupiga vichwa. "Wasee, twendeni! Yalla!" Mkenya akapiga kelele, kila mtu akateremka kivyake. Mimi nikateleza. Mguu ukaingia katikati ya miamba miwili, kifundo kikalia kama kijiti kikivunjika. Nikaita. Nilimwita yeye kwa jina lake. Nikasikia milango ya gari ikibamizwa, halafu injini, halafu mvua peke yake.

Nilishuka kwa makalio na viwiko. Sasa nililia, maana hakukuwa na wa kunicheka. Nilijua kabisa kwamba giza likinikuta pale, nguo zimelowa hivi, habari yangu imekwisha. Nilipoifikia lami nilikaa katikati ya barabara, ili atakayekuja asiweze kunipita. Akaja Mpakistani na lori la kokoto. Akaninyanyua kama gunia, akanipa chai ya chupa yake, akanifikisha mpaka mlango wa kambi.

Mtu wa Tanga alikuwa amejilaza, simu yangu kifuani. Akaruka. "Kaka! Si ulipanda gari la Mganda? Tulijua umepitia International City!"

"Nani alisema nipo?"

"Dereva aliuliza wote wapo, nikasema wapo. Wallahi ni mazoea."

"Uliangalia?"

"Kwenye basi nani huwa anaangalia?"

Karibu na jiko kulikuwa na sahani ya wali wangu, imefunikwa. Sahani ile inanisumbua mpaka leo. Mtu humwekea chakula aliyemwacha afe? Au humwekea ili watu waseme alimwekea?

Nikachukua simu. Kulikuwa na video aliyoipiga dirishani, gari likigeuza. Sauti ya Mkenya: "Wote wapo?" Sauti yake: "Wapo, khalas, twende!" Wingu limepasuka kidogo, na juu kwenye weupe kuna kitu kidogo cha rangi ya machungwa kinapunga mkono.

Nikamwekea mbele ya macho. Akaitazama mpaka mwisho, akairudia.

"Hapo nilikuwa naangalia theluji," akasema.

Nikafungwa plasta. Mtu wa plasta hapandi majukwaa, basi Jumamosi injinia hakubaki na wa kuchagua. Fomeni akawa yeye.

Niliporudi kazini nilikiambia chumba kizima: asinijibie mtu tena. Wakasema, "Mzee, basi litakuacha." Nikasema liniache nikiliona.

Ikawa kila alfajiri fomeni mpya anasimama mlangoni mwa basi na kuuliza, nao wanajibiana kama zamani, huyu yupo, yule yupo. Kwangu kimya. Ngazi nazishuka polepole, mguu asubuhi ni mzito. Dereva anapiga honi, watu wananung'unika, fomeni ameshika mlango, ananitazama mpaka nifike.

"Karibu, kaka mkubwa."

Nampita. Sijui ananisubiri kwa aibu au ili aonwe na watu. Nakwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, mahali ninapomwona.