Labrador wa Ashtabula

Loretta Vrabel alikuwa mtu wa kinyongo, na wala hakuona haya. Aliwahi kumnunia dada yake miaka kumi na mmoja kwa sababu ya keki ya harusi, na siku walipopatana ni yeye aliyekumbusha kosa lilikuwa la nani. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye ambaye Vernon Stahl, wakala wa bima, alimchagua kumchezea.

Kazi ya Loretta ilikuwa kuosha na kunyoa mbwa wa watu, kwenye banda la gari la nyumba yake huko Ashtabula, Ohio. Pale ziwa liko karibu na tope haliishi, kwa hiyo wateja hawakosekani. Kila mteja alijaza kadi: jina la mbwa, umri, chanjo, mbegu. Na hapo kwenye mbegu ndipo mji mzima ulipodanganya kwa pamoja. Mbwa ana kichwa kama tofali, taya pana, kifua cha mbeba magunia, pitbul mtupu ambaye hata kipofu angemtambua kwa kumpapasa, lakini kadi inasema "labrador mchanganyiko", yule mbwa mpole wa kuchezea watoto. Kwa daktari wa mifugo hivyo hivyo. Kwa watu wa bima ndiyo usiseme, maana kampuni zina orodha ya mbwa zisizowataka kwa kuogopa watang'ata mtu, na pitbul yuko juu kabisa. Loretta alikuwa akisoma kadi, anamtazama mbwa, anamtazama mwenye mbwa, kisha anasema, "Labrador mzuri sana huyu," na kufungulia maji.

Yeye mwenyewe alikuwa na labrador wa aina hiyo hiyo. Aliitwa Haluski, jina la tambi za kabichi, kwa sababu siku ya kwanza alimaliza sufuria nzima. Alikuwa na miaka tisa, meno yameoza, na akisikia ngurumo anajificha bafuni. Tangu mumewe Loretta, Emil, afariki, Haluski ndiye aliyelala upande wa Emil kitandani. Loretta hakuwa na mtu mwingine.

Mwezi wa Aprili Vernon akaja na fomu za kuhuisha bima ya nyumba. Yeye na Emil walikuwa wakivua samaki pamoja juu ya barafu kila Februari, miaka ishirini, na bado alimwita Loretta shemeji. Alinywa kahawa, akala vipande viwili vya keki, akatoa kalamu.

"Haya shemeji, huyu mbwa nimwandike nini?"

"Labrador mchanganyiko."

"Aa, shemeji! Mimi na wewe tena? Sema ukweli tu. Kampuni siku hizi inawapenda wakweli, na mimi nipo, nitakutetea huko juu."

Loretta, mwanamke asiyedanganyika hata na muuza magari, akapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa mezani pake mwenyewe. Akasema pitbul.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Mbwa aondolewe ndani ya siku thelathini, la sivyo bima inafutwa. Na benki iliyomkopesha kununua nyumba ilikwishaandika wazi katika mkataba: nyumba bila bima inachukuliwa. Kwa hiyo ni Haluski au nyumba, achague. Akampigia Vernon hapo hapo.

"Ningefanyaje shemeji? Wewe mwenyewe ulisema pitbul. Mpeleke kituo cha mbwa wasiotakiwa. Keshazeeka yule, hata hatajua kinachoendelea."

"Hatajua?"

"Mbwa ni mbwa, shemeji."

Loretta akakata simu. Alikaa sakafuni karibu na Haluski, akamwambia kwa sauti, kana kwamba wanapanga wawili, "Huyu atakiona cha mtema kuni. Nakuapia."

Nafasi ilijileta yenyewe. Mkewe Vernon alikuwa akimleta mbwa wao, Pearl, kila baada ya wiki sita. Kadi ya Pearl ilijazwa na Vernon kwa mkono wake: labrador mchanganyiko. Loretta alikuwa amemwosha miaka minne, na alijua fika kilichokuwa chini ya yale manyoya. Siku hiyo alimkausha, akamkata kucha, akamwambia fungua mdomo mwanangu, akapitisha pamba ndani ya shavu. Pamba ikaenda kwa posta maabara ya kupima mbegu za mbwa. Majibu yalirudi zikiwa zimebaki siku kumi na moja: Pearl alikuwa pitbul kuliko hata Haluski.

Akavaa koti la kanisani, akaenda ofisini kwa Vernon, akaiweka karatasi ya majibu mezani.

Vernon alisoma. Akainuka, akafunga mlango. "Kila mtu anaandika labrador kwenye bima, Loretta, hata mimi. Unajua hivyo."

"Mimi pia ningeandika. Nani alinizuia?"

"Unataka nini?"

"Haluski abaki na nyumba ibaki. Leo."

Vernon akavuta mtoto wa meza na kutoa fomu ya kampuni nyingine, ndogo, ya jimbo jirani. Hiyo haikuuliza mbegu hata kidogo. Iliuliza kama mbwa amewahi kung'ata mtu, basi. Waliijaza kwa dakika kumi. Loretta akaweka sahihi, halafu akamkazia macho.

"Fomu hii ilikuwepo siku ile unakula keki yangu?"

"Ilikuwepo." Vernon alikuwa akikunja karatasi isiyohitaji kukunjwa. "Sikiliza. Ile kampuni kubwa ilianza kutushuku. Wakataka kila wakala alete angalau mbwa mmoja wa kwenye orodha, waone tunakagua. Nikitoa mmoja, waliobaki wanaachwa kwa amani. Nikafikiri wewe uko peke yako, hutaleta kelele."

Hutaleta kelele! Kwa kuwa mume amekufa!

"Sasa tumemaliza, siyo?" Vernon akauliza. "Hiyo ya Pearl utaichana?"

"Nitaichana."

"Kwa jina la Emil?"

"Kwa jina la Emil," akasema Loretta, na wakati huo alikusudia kweli.

Bima mpya ilithibitishwa, Haluski akabaki kitandani mwake, na mtu mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Loretta alijaribu siku tatu. Lakini kila alipomshika mbwa wa mtu kwenye beseni alisikia lile neno, hutaleta kelele, na damu ikamchemka upya. Kutimiza ahadi kwa mtu wa namna ile? Thubutu! Siku ya nne alitia majibu ya Pearl na picha ya ile kadi kwenye bahasha, akaipeleka makao makuu ya kampuni kubwa, na chini akaandika jina lake kamili ili wasiseme ni majungu.

Ndani ya mwezi mmoja Vernon alinyang'anywa uwakala. Pearl hakudhurika, kwa maana Vernon alimhamishia kampuni ndogo mapema. Loretta alipita mbele ya ofisi kwa gari, polepole, aone bango linavyong'olewa. Akazunguka, akapita tena. Jioni alijinunulia samaki wa kukaanga, akala na Haluski, akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa tamu, kwa nini tudanganyane?

Agosti akaja Mzee Odell Pettaway, mwendesha winchi mstaafu wa bandarini, na mbwa wake Clementine, mwenye kichwa cha tofali na macho yenye ukungu wa uzee. Wateja walikuwa wamepungua tangu Julai, na Loretta alidhani ni joto.

"Mwoshe vizuri sana leo, dada Loretta," akasema mzee. "Kesho nampeleka kituoni. Akiwa safi, pengine mtu atamchukua kabla hawajamdunga sindano ya kufa."

"Kituoni? Kwa nini?"

Mzee akatoa barua mfukoni. Kampuni ilikuwa imepitia mafaili yote ya Vernon. Kila aliyeandika labrador mchanganyiko alitakiwa kuleta kipimo cha maabara au kumwondoa mbwa.

"Kuna kampuni ndogo," Loretta akasema haraka, "haiulizi mbegu..."

"Nimewapigia. Wanasema mtaa wetu umewafurikia, hawaandikishi tena mpaka mwakani." Alimsaidia Clementine kuingia kwenye beseni, akabaki ameshika mguu wake wa mbele. "Nyumba thelathini na nane, dada. Sijui nani mwenye roho hii. Watu wanamtaja Vernon, lakini yeye naye kaumizwa."

Loretta alikuwa amekwishampaka sabuni mgongoni. Angeweza kunyamaza. Lakini hakuwahi kumsukumia mtu mwingine deni la hasira yake, na hakutaka kuanza siku hiyo.

"Ni mimi, Mzee Odell. Niliwaandikia kampuni, nikimlenga Vernon."

Mzee aliuachia mguu wa Clementine. Kisha akainama, pamoja na mgongo wake mbovu, akampakata Clementine na povu lake lote. Loretta akanyoosha mikono amsaidie.

"Usimguse."

Alimfikisha mlangoni, shati limelowa kifuani, akasimama kupumua.

"Na wako yuko wapi?"

"Yuko ndani," akasema Loretta. "Amelala."

"Haya," akasema mzee, akaenda zake.